Unga wa Fuwele Mbili: Tanuru, Jua na Maji ya Uvira

(Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wakazi, Rugenge, Uvira)

Nimeombwa nizungumze juu ya unga mweupe ambao karibu kila mtu humu ndani ameugusa leo. Umo katika rangi za kuta, umo katika dawa nyingi za meno, umo katika karatasi. Jina lake ni dioksidi ya titani: atomu moja ya titani kwa atomu mbili za oksijeni. Katika rangi hautakiwi kufanya lolote zaidi ya kuwa mweupe. Mimi nataka tuuzungumzie ukiwa na kazi nyingine, ya kutumia mwanga wa jua kuua vijidudu vya majini, kazi ambayo wataalamu huiita fotokatalisisi, na hasa jinsi unavyotayarishwa ili kazi hiyo iwezekane. Hoja yangu naiweka mezani mapema, ili atakayelazimika kuondoka kabla ya wakati aondoke nayo: unga huu hufanya kazi vizuri zaidi ukiwa haujamaliza kugeuka kutoka fuwele moja kwenda nyingine, na sifa hiyo haina thamani kwetu mpaka ipimwe kwa maji ya Uvira.

Kipindupindu hakihitaji kutambulishwa hapa. Mwaka 2015 Aurélie Jeandron na wenzake walichapisha uchunguzi uliolinganisha rekodi za shirika la maji, REGIDESO, na za wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kipindupindu cha mji huu kati ya 2009 na 2014. Waliona kwamba baada ya siku moja ambayo maji ya bomba hayakutoka kabisa, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa wastani wa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Na kati ya wagonjwa wote waliopokelewa, walikadiria kuwa asilimia 23.2 walitokana na upungufu wa maji ya bomba. Namna yanavyotokea mnaijua kwa miguu yenu: robine ikinyamaza, bidoni zinateremka Ziwa Tanganyika au mto Mulongwe. Kwa hiyo nisije nikaeleweka vibaya. Hakuna unga utakaoshika nafasi ya bomba, na mtu akija kuwauzia unga badala ya bomba mfukuzeni. Unga una nafasi yake katika zile siku bidoni zinapoteremka.

Hata bila unga, jua peke yake linaua vijidudu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Aftim Acra na wenzake kule Beirut walionyesha kwamba maji yaliyowekwa juani katika chupa inayopitisha mwanga husafika na bakteria. Watafiti wa Uswisi wakaiendeleza njia hiyo hadi ikawa maelekezo mafupi: chupa ya plastiki isiyo na rangi, maji yasiyo na tope, juani kwa saa sita, mawingu yakiwa mengi, siku mbili mfululizo. Ushahidi mzuri umetoka kwa jirani zetu. Huko Kajiado, Kenya, kwa Wamasai, Ronán Conroy na wenzake walikuwa wamewafuatilia watoto katika jaribio la njia hii, kisha kipindupindu kikaingia eneo hilohilo. Taarifa yao ya mwaka 2001 inasema kwamba kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji yaliyoanikwa, waliougua ni 3. Kati ya wenzao 144 ambao maji yao hayakuanikwa, waliougua ni 20.

Lakini saa sita ni nyingi. Hapa kwetu jua linachomoza juu ya ziwa bila kizuizi, ila alasiri linajificha mapema nyuma ya milima ya Mitumba. Mama anayeanika chupa saa tano, baada ya kurudi shambani, hapati saa zake sita. Kuharakisha kazi ya jua ndiko tunakoutafutia unga huu, wala si kuanzisha jambo ambalo halikuwepo.

Mwanga unaoamsha dioksidi ya titani ni wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, ambao ni sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua unaotufikia, asilimia 5 hivi. Unapoipiga chembe ya unga, elektroni inaruka kutoka nafasi yake na kuacha tundu. Tundu hilo linanyang'anya elektroni kutoka kwa maji yaliyogusana na chembe, na hapo inazaliwa radikali ya hidroksili, kitu chenye pupa kubwa sana kinachotoboa utando wa bakteria. Ile elektroni nayo inachukuliwa na oksijeni iliyoyeyuka majini na kuzaa radikali za aina nyingine. Taabu ni kwamba mara nyingi elektroni na tundu hurudiana upesi kabla ya yote hayo, na nishati inaishia kuwa joto: ni fedha iliyokopwa na kurudishwa kabla haijanunua kitu. Karibu ufundi wote wa fotokatalisisi ni kuchelewesha marejesho hayo.

Sasa fuwele. Dioksidi ya titani hupatikana katika maumbo matatu ya asili: rutili, anatasi na brukiti. Atomu ni zilezile, mpangilio ndio unaotofautiana. Anatasi inahitaji nishati ya elektroni-volti 3.2 ili iamke, maana yake mwanga wa urefu wa wimbi usiozidi nanomita 388 hivi. Rutili inatosheka na 3.0, kwa hiyo inatumia mwanga hadi nanomita 413 hivi, ambao kwenye jua ni mwingi zaidi. Ungedhani basi rutili ndiyo bora. La: katika rutili elektroni na tundu hurudiana haraka zaidi, na kwa kawaida anatasi huishinda. Hata hivyo lile jaribio maarufu la Akira Fujishima na Kenichi Honda la mwaka 1972, lililotenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni kwa mwanga na kufungua uwanja huu wote, lilitumia fuwele ya rutili, hii inayodharauliwa leo. Kuua vijidudu kulifuata mwaka 1985, pale Tadashi Matsunaga na wenzake huko Japani walipotumia dioksidi ya titani yenye platini kuua bakteria na hamira majini.

Unga ambao dunia nzima huutumia kama kipimo unaitwa P25. Ulitoka kwa kampuni ya Degussa ya Ujerumani, ambayo leo ni Evonik, na hutengenezwa kwa kuchoma kloridi ya titani katika mwali wa hidrojeni. Una anatasi yapata asilimia 80 na rutili yapata 20, na gramu moja yake ina uso wa mita za mraba 50 hivi. Hakuna aliyepanga mchanganyiko huo kwa ajili ya kusafisha maji. Mwali uliutoa hivyo. Lakini katika majaribio mengi ulizishinda anatasi tupu na rutili tupu, na watu wakaanza kuuliza kwa nini.

Jibu halijatulia, nami napenda liwe hivyo mbele ya wanafunzi. Mwaka 2003 Deanna Hurum, Kimberly Gray na wenzao walifuatilia elektroni ndani ya P25 na kuonyesha kwamba zinahama kutoka rutili kwenda anatasi, tundu likibaki nyuma. Zikitengana, hazirudiani. Na kwa kuwa rutili hushika pia ule mwanga ambao anatasi haiuoni, chembe nzima inafaidi sehemu kubwa zaidi ya jua. Kabla ya hapo wengi waliamini elektroni zinakwenda upande wa pili. David Scanlon na wenzake, mwaka 2013, walikokotoa na kupima ngazi za nishati wakakuta zinaafiki safari ya rutili kwenda anatasi. Lakini mwaka 2010 Bunsho Ohtani wa Hokkaido na wenzake waliichambua P25 wakaitenga anatasi peke yake na rutili peke yake, na hawakuona dalili ya ushirikiano wowote kati ya hizo mbili. Wakagundua pia kwamba sehemu ya unga si fuwele kabisa, na kwamba vipimo hubadilika kutegemea umechota sehemu gani ya kifurushi kilekile! Mimi naona pande zote mbili zina haki. Ushirikiano upo pale fuwele mbili zimeota zikiwa zimegusana. Zikikaa tu jirani ndani ya kopo, usiutegemee. Kwa hiyo kununua makopo mawili na kuyachanganya katika kinu hakuhakikishi kitu. Mguso unazaliwa ndani ya tanuru.

Tuingie maabara, maana hapa ndipo penye kazi. Mwanzo wake ni kimiminika kisicho na rangi kiitwacho isopropoksidi ya titani. Kinachukia maji kuliko kitu chochote. Fungua chupa siku yenye unyevunyevu wa ziwa na utaona mdomo wa chupa unaota gamba jeupe mbele ya macho yako; hilo tayari ni titani iliyokutana na mvuke wa hewani, na umeipoteza. Kinayeyushwa kwanza katika alkoholi kavu. Pembeni unaandaa maji yaliyotiwa asidi ya nitriki kidogo hadi pH ifike karibu 2. Asidi iingie ndani ya maji tu. Asidi kali ya nitriki isikutane kamwe na alkoholi, mchanganyiko huo umeshawahi kulipua maabara. Kisha unadondosha mchanganyiko wa titani ndani ya maji, tone moja baada ya jingine, huku maji yanazungushwa. Kila tone likitua linafanya wingu jeupe. Ukimwaga kwa haraka unapata mabonge makubwa ambayo hakuna tanuru litakaloyarekebisha. Ukienda taratibu, na ukiendelea kuzungusha kwa saa kadhaa, wingu linalegea na kuwa kimiminika chenye weupe wa samawati, dalili kwamba chembe ni ndogo sana. Kiache kigande, kioshe, kikaushe kwenye nyuzi 80 hadi 100 usiku kucha, kisha kisage. Unga utakaoupata ni mweupe na mzuri kwa macho, ila karibu hauna fuwele inayofaa. Ukiuweka juani leo hautakufanyia mengi.

Tanuru ndilo linaloamua. Kwenye nyuzi 400 hadi 450 kwa saa mbili, unga uliotayarishwa hivi huwa kwa sehemu kubwa anatasi, chembe ndogo, na uso mkubwa, hata zaidi ya mita za mraba 100 kwa gramu. Ukipandisha joto, karibu na nyuzi 600 rutili inaanza kuota, na inaanzia pale chembe mbili za anatasi zimebanana. Ikishaanza haina subira: inazila jirani zake na kukua. Kwenye nyuzi 800 umebaki na rutili, chembe nene, na uso umepungua mno. Safari hiyo haina kurudi, kwa sababu rutili haigeuki tena kuwa anatasi hata uipooze polepole namna gani. Kwa hiyo fundi anatafuta dirisha jembamba: joto la kutosha rutili kuota, lakini muda mfupi kiasi kwamba anatasi nyingi ibaki na uso usipotee. Dirisha hilo haliko mahali pamoja kwa kila unga. Asidi uliyotumia, uchafu kidogo uliobaki baada ya kuosha, hata unene wa tabaka la unga katika kikombe cha kauri, vyote vinalisogeza kwa makumi ya nyuzi. Ndiyo maana mtu hunakili joto kutoka makala ya wenzake na kupata kitu tofauti kabisa.

Hapa Uvira tunaongeza jambo moja ambalo makala hizo hazilitaji: umeme kukatika katikati ya kuchoma. Tanuru la nyuzi 600 halipoi ghafla. Unga unaendelea kukaa kwenye joto kali kwa muda, unapoa kidogo, umeme unarudi, tanuru linapanda tena kama lilivyopangwa na kuhesabu saa zake mbili upya. Ukiandika kwenye kopo "nyuzi 600, saa 2" umeandika uongo bila kukusudia. Shauri langu ni dogo na halina gharama kubwa: joto liandikwe kila baada ya dakika tano kwa kipimajoto kinachojitegemea chenye betri, na kopo libebe historia yote ya unga huo, si agizo ulilolipa tanuru.

Umejuaje basi kwamba umepata mchanganyiko unaoutaka? Kwa macho hutajua, kwa kuwa zote ni nyeupe. Unahitaji mashine ya eksirei inayosoma fuwele. Kwa mionzi ya shaba, anatasi inatoa mlima wake mkubwa kwenye pembe ya 25.3, na rutili kwenye 27.4. Mwaka 1957 Robert Spurr na Howard Myers walitoa njia ya kugeuza urefu wa milima hiyo kuwa viwango, na inatumika hadi leo. Gawa urefu wa mlima wa anatasi kwa ule wa rutili, zidisha kwa 0.8, ongeza 1, kisha gawa 1 kwa jumla hiyo. Tuseme mlima wa anatasi ni mara 5 ya ule wa rutili: 5 kwa 0.8 ni 4, ongeza 1 ni 5, moja kwa tano ni 0.20. Una rutili asilimia 20. Hesabu ya mwanafunzi wa sekondari, lakini ina kasoro mbili. Haioni unga usio na fuwele, kwa hiyo inaweza kukusifia bure. Na brukiti, kama ipo, inajificha nyuma ya mlima wa anatasi. Itafute kwenye pembe ya 30.8 kabla hujafurahi. Mashine hiyo ni ghali, lakini unga kidogo unatosha kupimwa, na unga husafiri vizuri katika bahasha.

Kuhusu malighafi nina neno moja la pembeni. Pwani ya Kenya, huko Kwale, mgodi ulikuwa unachimba mchanga wenye titani, ilmeniti na rutili, na kuusafirisha ng'ambo kupitia Likoni kuanzia 2014 hadi uchimbaji uliposimama Desemba 2024. Rutili ya mchanga huo ingelisagwa usiku na mchana isingelifanya kazi tunayoizungumzia, maana ni rutili tupu yenye punje nene. Ilibidi iyeyushwe kikemia na kujengwa upya. Ujenzi huo haukufanyika huku kwetu, na chupa ya isopropoksidi tunaagiza kutoka mbali.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi. Tazama ripoti za wanafunzi wetu na za wengi duniani: unga unajaribiwa kwa rangi iitwayo bluu ya metileni, katika maji yaliyochujwa hadi hayana chumvi. Rangi inafifia, picha nzuri inapigwa, kazi imekwisha. Rangi hiyo yenyewe inameza mwanga na inaweza kufifia kwa njia zake. Lakini kosa kubwa zaidi kwetu ni la chaji. Uso wa dioksidi ya titani hauna chaji kwenye pH ya karibu 6. Chini ya hapo una chaji chanya, juu yake una chaji hasi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9. Humo unga utakuwa hasi, na bluu ya metileni, ambayo ni chanya, itaukimbilia na kujibandika. Bakteria nao wana chaji hasi. Unga na bakteria watasukumana! Jaribio la rangi litakupa matokeo ya kupendeza katika hali ileile ambayo bakteria hasogelei unga wako.

Na si hilo tu. Maji ya ziwa letu yana bikaboneti nyingi. Sehemu kubwa ya chumvi zake huletwa na Rusizi kutoka Ziwa Kivu. Bikaboneti hula radikali za hidroksili na kuacha radikali dhaifu zaidi mahali pake. Maji ya Mulongwe ni habari nyingine: mvua ikinyesha milimani, mto unashuka na udongo, na mwanga haupiti. Mnakumbuka Aprili 2020, mto huo ulivyobomoa nyumba na daraja na kuharibu hata miundombinu ya maji. Hakuna fotokatalisisi katika maji ya namna ile. Kwanza yatulie, yachujwe, ndipo tuanze kuzungumza. Ninachosema ni kwamba unga ulioshinda Ujerumani unaweza kushindwa hapa kwetu Kalundu, na ule ulioshika nafasi ya tatu huko ukawa wa kwanza hapa. Hatujui mpaka tupime, na wa kupima ni sisi.

Lipo pia suala la kuurudisha unga. Chembe za nanomita 20 au 30 zilizomwagwa katika bidoni hazitulii upesi, na hatutaki watu wazinywe. Umoja wa Ulaya uliondoa dioksidi ya titani katika vyakula mwaka 2022, na vumbi lake likivutwa puani limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kwa hiyo anayesaga avae barakoa nzuri, na unga ubandikwe juu ya kitu: kioo, kigae, ndani ya bomba la kioo. Ukibandikwa unapoteza sehemu ya uso wake na kasi inapungua. Hiyo ndiyo bei, na nadhani inafaa kulipwa.

Kwa walimu watakaotaka kuanza, mpango wangu ni huu. Chukueni maji ya ziwa na maji ya Mulongwe yaliyotulizwa, yaliyochotwa siku hiyohiyo. Kwa kila maji, andaeni chupa nne: isiyo na unga juani, isiyo na unga gizani, yenye kigae cha unga juani, yenye kigae cha unga gizani. Ile ya gizani yenye unga ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo inayoonyesha kama bakteria wamekufa au wamejibandika tu kwenye kigae. Hesabuni E. koli mwanzoni, kisha kila saa. Halafu, na hapa majaribio mengi yanakata kamba mapema, chukueni maji yaliyotoka juani myaweke gizani, katika joto la nyumba zetu, na kuyahesabu tena kesho na kesho kutwa. Mwanga ukizimika unga nao umelala, na hauachi majini kinga kama klorini inavyoacha. Bakteria waliojeruhiwa bila kufa hujitengeneza usiku. Rudieni kiangazi na masika, kwa kigae kilekile, mkiandika ni mara ngapi kimeshatumika, kwa sababu chumvi za ziwa zitaanza kukifunika na kasi yake ya mwezi wa kwanza haitakuwa ya mwezi wa sita.